Bustani za Uingereza, Jua la Kwetu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi Waingereza walivyoigeuza kazi ya kutembelea bustani za watu kuwa desturi ya taifa, hasa tangu mwaka 1927, pale bustani binafsi 609 zilipofunguliwa kwa kiingilio cha shilingi moja ili kuchangia wauguzi wanaohudumia wagonjwa majumbani. Leo tuingie kwenye swali lenyewe. Mtu mwenye bustani Tanga, Mombasa, Dodoma au Muscat, mahali ambapo jua la saa saba mchana linachoma mpaka mchanga haukanyagiki, ana faida gani kwenda kutazama bustani za nchi ambayo watu wake hupanga viti kulifuata jua kila linapohamia? Wapo wanaosema hana faida yoyote, aokoe nauli yake. Wapo pia wanaorudi na mbegu za lavenda mfukoni, achilia mbali kwamba kuingiza mbegu bila cheti cha afya ya mimea ni kosa katika nchi nyingi. Makundi haya mawili yanagombana, lakini kwa maoni yangu yamesimama juu ya kosa moja, nalo ni kudhani kwamba bustani ni orodha ya mimea. Wa kwanza anaitazama orodha na kuona haimfai. Wa pili anaitazama na kuitamani. Hoja ya makala haya ni kwamba mtu akizifuata bustani za Uingereza kwa uaminifu, akafuata fikra zilizozizaa, atalazimika kuacha karibu mimea yake yote huko huko.

Tuanze na hesabu ya mvua, maana hapo ndipo wengi hushangaa. London hupata wastani wa milimita 600 hivi kwa mwaka. Dodoma, mji ambao kila mtoto wa shule anaujua kuwa uko kwenye ukanda mkavu, hupata milimita 570 hivi, na Dar es Salaam kama 1,100, karibu mara mbili ya London. Kama maji yanayodondoka ndiyo pekee yangeamua, Dodoma ingekuwa na majani mabichi mwaka mzima. Tofauti iko kwanza kwenye mgawanyo: mvua ya London hunyesha kidogo kidogo miezi yote, ilhali ya Dodoma hushuka karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufungwa. Halafu iko kwenye kile kinachoondoka. Jua la Dodoma, upepo wake na hewa yake kavu vina uwezo wa kunyonya kutoka ardhini na kwenye majani maji mengi kuliko mvua yote inayoletwa, tena mara kadhaa. London hesabu hiyo karibu inalingana. Ongeza usiku. Mmea hutengeneza chakula mchana kwa mwanga na hukitumia mchana na usiku kwa kupumua, na kadiri usiku unavyozidi joto ndivyo matumizi yanavyopanda. Mmea wa nchi za usiku baridi ukipelekwa Mombasa, ambako Februari usiku hauteremki sana chini ya nyuzijoto 24, hula gizani ulichochuma mchana. Huishi wiki kadhaa, hudhoofu, hufa, na mwenye nyumba humlaumu anayemwagilia. Bado kuna urefu wa siku. Mwezi Juni London huwa na mwanga kwa zaidi ya saa 16, na Desemba kwa chini ya saa 8, na mimea mingi ya huko husoma tofauti hiyo ili kujua wakati wa kuchanua. Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki saa moja. Mmea unaongoja ishara ya siku ndefu utangoja mpaka ukauke. Msomaji wa Limuru au Lushoto atasema kwake mawaridi yanastawi, na ni kweli: mwinuko humpa usiku wa baridi, na Naivasha imejenga biashara nzima ya maua juu ya ukweli huo. Maneno yangu yanawahusu zaidi watu wa pwani na wa nyanda kavu.

Kwa hiyo mpingaji ameshinda? La, kwa sababu bustani ya Kiingereza tunayoiona kwenye kalenda na kwenye makopo ya biskuti, yenye maua yaliyochanganyika kana kwamba hakuna aliyeyapanga, ilizaliwa kutokana na uasi dhidi ya kosa hili hili. Katikati ya karne ya 19 bustani ya fahari nchini humo ilikuwa kitu kingine kabisa. Maelfu ya miche kutoka nchi za joto, ikiwemo mijeraniamu ya Afrika Kusini, ilioteshwa ndani ya nyumba za vioo zilizopashwa moto kwa makaa ya mawe, ikapandikizwa nje mwanzoni mwa kiangazi kwa miduara na mistari iliyopimwa kwa kamba, kisha ikang'olewa na kutupwa baridi ilipoingia. Mwaka unaofuata kazi ilianza upya. Mwaka 1870 William Robinson, mtunza bustani mzaliwa wa Ireland, alitoa kitabu kiitwacho The Wild Garden, na humo akapigania jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: panda mimea inayoweza kuvumilia hali ya mahali bila kubembelezwa, na kila mmoja uuweke pale panapoufaa. Hakuwa akidai mimea ya asili ya Uingereza peke yake. Aliikaribisha ya kigeni mradi iweze kujitegemea. Gertrude Jekyll, aliyesomea uchoraji kabla ya kuwa mtunza bustani, akaongeza mpangilio wa rangi na wa majira, na kutoka kwa wawili hao ndipo ilipochipuka sehemu kubwa ya tunachokiita leo mtindo wa Kiingereza. Sasa mtu wa Kigamboni anayenunua lavenda na kuiwekea kivuli cha neti, feni na maji mara tatu kwa siku anadhani anamfuata Robinson. Ukweli ni kwamba anawafuata wale ambao Robinson aliwapinga maisha yake yote.

Ushahidi wangu wa pili unapatikana Sissinghurst, katika jimbo la Kent, na naupenda kwa sababu safari yake inaelekea upande wa pili: Waingereza wakiiga nchi ya joto. Vita Sackville-West, mwandishi, na mumewe Harold Nicolson, mwanadiplomasia, walinunua magofu ya Sissinghurst mwaka 1930. Mwaka 1935 walitembelea kisiwa cha Delos huko Ugiriki, wakavutiwa na mawe yaliyobomoka na maua ya mwituni yaliyoota katikati yake chini ya jua kali. Waliporudi walijaribu kuunda Delos yao kwenye kona moja ya bustani, wakapanga mawe na kupanda mimea. Haikufaulu. Kona ile ilielekea kaskazini, ilikosa jua la kutosha, na udongo wake wa mfinyanzi ulituamisha maji wakati wa baridi mpaka mizizi iliyozoea mwamba mkavu ikaoza. Sura ya Delos ilikuwepo. Sababu za Delos hazikuwepo. Baada ya muda wenyewe waliiachia ikageuka kuwa kitu kingine, na miaka mingi ikapita hivyo. Ni karibuni tu, mbunifu Dan Pearson alipopewa kazi ya kuifufua, ndipo ilipowezekana, na alianzia chini ya miguu: ardhi ilipangwa upya ili ikabili jua la kusini, mawe na changarawe vikaingizwa kwa wingi ili maji yapite, na mimea ikawa ya mwisho kuamuliwa. Kama watu wawili wenye kipaji kile, kwenye bustani waliyoishi ndani yake, walishindwa kuhamisha sura bila sababu kutoka jua kwenda baridi, hakuna haja ya kudhani kwamba sisi tutafaulu tukihamisha kutoka baridi kwenda jua.

Aliyeitoa kanuni hii wazi zaidi ni Beth Chatto, aliyefariki mwaka 2018. Bustani yake iko Elmstead Market, Essex, upande wa mashariki wa Uingereza ambao ni mkavu kuliko sehemu nyingine, wenye milimita 500 hivi za mvua kwa mwaka, yaani chini ya Dodoma. Mumewe Andrew, mkulima wa matunda, alitumia miaka mingi kuchunguza kila mmea wa bustanini una asili ya mazingira gani: bondeni au mlimani, kivulini au juani, kwenye tope au kwenye changarawe. Juu ya uchunguzi huo mkewe alijenga kazi yake yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alichukua eneo lililokuwa la kuegesha magari, lenye ardhi ya changarawe iliyoshindiliwa, akalilima, akalichanganyia mboji, akalipanda mimea ya nchi kavu, kisha akaamua kwamba ikishashika mizizi haitamwagiliwa tena hata ukame ukizidi. Iko mpaka leo. Mtunza bustani wa nchi ya joto anayefika hapo hupata somo kubwa kuliko atakalolipata kwenye kasri lolote, lakini pia hupata mtego. Jicho litamwambia: mwaga changarawe. Essex changarawe juu ya udongo huzuia maji yasikauke, huzuia magugu, na wakati wa baridi hushika joto kidogo ambalo mimea hulishukuru. Dodoma au Muscat, changarawe tupu juani hufyonza joto mchana kutwa, huchoma shina changa linapotokeza, na usiku huendelea kurudisha joto lile kwa mmea unaohitaji kupoa. Ukitaka changarawe, iweke chini ya kivuli cha mti. Nyasi kavu na majani yaliyokauka hufanya kazi hiyo vizuri zaidi penye jua, na yana dosari yake ambayo tutaigusa sehemu ijayo. Chatto mwenyewe, kwa mantiki yake, asingetumia changarawe yake huku.

Kuhusu uwanja wa majani sitatumia nafasi kubwa. Majani yale laini ya Uingereza ni ya aina inayopenda ubaridi na umande, yalikatwa na kondoo na miundu kwa karne nyingi hadi Edwin Budding wa Gloucestershire alipobuni mashine ya kuyakatia mwaka 1830, na yanaishi kwa sababu ya mvua ile ya kidogo kidogo niliyoitaja. Huku tuna ukoka, ambao umeumbwa kwa jua kali na hutumia maji kwa uangalifu zaidi. Anayetaka mahali pa watoto kucheza apande ukoka, akubali kwamba kiangazi utageuka rangi ya kahawia na masika utarudi. Anayetaka kijani mwaka mzima kwa maji ya bomba, wakati mtaa wa pili watu wanapanga ndoo, ana swali la kujibu ambalo halihusu kilimo.

Sasa tuje kwenye yale yanayosafiri vizuri, maana yapo, na moja naliona lina thamani kuliko yote. Sissinghurst kuna bustani ya maua meupe, iliyopandwa karibu na mwaka 1950. Wageni huenda kuipiga picha mchana, lakini Sackville-West aliifikiria ikitazamwa jioni. Sababu iko kwenye jicho: mwanga unapopungua, rangi nyekundu ndizo hutangulia kuzama gizani, wakati nyeupe na zile za kijivu cha fedha hubaki zikionekana hadi mwisho. Mtu wa nchi ya joto anapaswa kuishika hoja hii kwa mikono miwili, kwa kuwa yeye ndiye hasa anayeishi nje jioni. Mchana jua liko utosini na kila rangi laini huonekana imefuliwa ikapauka. Hakuna anayekaa bustanini saa nane. Lakini hata hapa haifai kuiga bila kupima. Jioni ya Kiingereza ya mwezi Juni ni ndefu, mwanga hufifia polepole kwa muda mrefu baada ya jua kuzama. Karibu na ikweta giza huingia kwa dakika ishirini na kitu, na anayetegemea utusiutusi atakuta umekwisha kabla kahawa haijamiminwa. Kwa hiyo bustani ya jioni huku haina budi kuwa bustani ya usiku, na usiku pua hushinda jicho. Hapo pwani ya Waswahili haina cha kujifunza kutoka Kent kuhusu mimea. Asumini hufungua maua yake meupe jua likishatua, mlangilangi hunukia zaidi usiku, na kilua, mkadi na mrehani vinajulikana kwa kila mama anayetunga vikuba. Kinachokosekana mara nyingi ni uamuzi wa kuviweka pamoja mahali pa kukaa, upande ambao upepo unatoka, badala ya kuvitawanya kila kona ya ukuta. Uamuzi huo wa kuchagua saa moja ya siku na kuitumikia ndio alioufanya Sackville-West.

Hidcote, Gloucestershire, inafundisha jambo la namna hiyo kwa kutumia kuta. Lawrence Johnston, aliyezaliwa Paris na wazazi wa Kimarekani kisha akachukua uraia wa Uingereza, alianza mwaka 1907 kuigawa ardhi ya juu kilimani, yenye upepo mkali, kuwa vyumba kadhaa vilivyozungushiwa miti iliyokatwa ikawa kuta nene. Kila chumba kina hali yake, na mtembezi haoni kinachofuata mpaka avuke mlango. Msomaji aliyewahi kuingia nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe atatambua fikra hiyo upesi, kwa sababu kiwanja cha ndani chenye kivuli na hewa ni kazi ile ile iliyofanywa kwa mawe ya matumbawe. Tofauti ni adui anayezuiwa. Johnston alizuia upepo wa baridi. Mtu wa pwani akizungusha ua mnene wa michongoma pande zote nne atakuwa amefunga nje kitu pekee kinachofanya alasiri ivumilike, na ndani atabaki na unyevu na mbu. Anachopaswa kuiga ni mgawanyo wa vyumba, huku akiacha wazi njia ya kusi na ya kaskazi, na kuweka kuta zake nzito upande wa magharibi, unakotoka mwanga wa alasiri unaoingia kwa ubavu na kuchoma kuliko ule wa adhuhuri. Dodoma mambo hugeuka tena, kwani huko upepo mkavu wa kiangazi ni adui kweli, na ua wa minyaa unaozuia vumbi una maana ile ile ya Hidcote. Kuhusu upande wa jua, vitabu vya Kiingereza vitakwambia ukuta unaoelekea kusini ndio wa joto. Dar es Salaam jua hupita utosini mwezi Machi na mwezi Oktoba, na Juni huwa upande wa kaskazini. Anayefuata kitabu neno kwa neno atakosea kwa zaidi ya nusu ya mwaka.

Halafu kuna Great Dixter, Sussex, nyumbani kwa Christopher Lloyd, mtu aliyeandika safu ya kila wiki ya bustani kwa zaidi ya miaka 40. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na mtunza bustani wake mkuu, Fergus Garrett, waling'oa bustani ya mawaridi iliyochoka na mahali pake wakapanda migomba, makana, madahlia na majani makubwa makubwa ya sura ya kitropiki. Baadhi ya Waingereza walikasirika. Kwa mgeni kutoka kwetu inachekesha kidogo kuona mgomba ukifungwa majani makavu ili usife kwa baridi, lakini asiishie kucheka. Migomba ile haikupandwa kwa ndizi. Ilipandwa kwa jani, kwa jinsi mwanga wa alasiri unavyopenya nyuma yake. Sisi tumeizoea kiasi cha kutoiona. Jambo zito zaidi pale ni tabaka: chini ya mmea unaomaliza maua tayari kuna mwingine unaochipua, na juu yake mwingine unaotoa kivuli, hivyo ardhi haikai tupu. Mchagga hahitaji kufundishwa hilo. Kihamba chake kina mruka juu, migomba katikati, kahawa chini yake, na viazi vikuu na magimbi chini kabisa, na mpangilio huo wa tabaka ni wa tangu zamani, hata kabla kahawa haijaingia. Kinachoshangaza ni kwamba mtu aliyekulia kwenye kihamba anapojenga nyumba mjini, bustani yake huwa mstari wa vyungu, udongo uliofagiliwa na mnazi wa mapambo uliosimama peke yake. Hajaleta alichokijua, kwa sababu alifundishwa kwamba shamba ni kitu kimoja na bustani ni kingine. Great Dixter haijui mpaka huo, na huenda inafaa kwenda mbali kiasi hicho ili kuondokana nao.

Mpingaji makini atauliza: kwa nini basi asiende Granada kutazama Alhambra, au Lahore kutazama bustani za Wamughal, zilizobuniwa kwa ajili ya joto, zenye kivuli, mifereji na maji yanayosikika? Hoja hii ina nguvu, na kwa habari ya maji na kivuli sina ubishi: walimu hao ni bora. Lakini bustani hizo zimehifadhiwa kama zilivyokamilika, na mgeni huona jibu bila kuona hesabu. Bustani za Uingereza nilizozitaja bado zinajaribiwa. Mimea hufa, huondolewa, sababu huandikwa, na mtunza bustani yupo hapo na mkokoteni wake, tayari kueleza kwa nini. Zaidi ya hayo, mfano wa nchi ya joto uliofaulu upo. Geoffrey Bawa wa Sri Lanka, aliyesomea sheria na baadaye usanifu wa majengo London, alinunua shamba la mpira karibu na Bentota mwishoni mwa miaka ya 1940, akalifanyia kazi kwa miongo mingi; alifariki mwaka 2003. Shamba hilo, Lunuganga, limejengwa juu ya fikra za bustani za mandhari za Kiingereza za karne ya 18: jicho linaongozwa kuvuka kilima mpaka kwenye jengo la mbali, ziwa linaingizwa kwenye picha ingawa si lake, na barabara ya umma imefichwa kwenye mteremko isionekane. Hata hivyo humo hutaona vitalu vya maua ya Kiingereza. Kuna kijani juu ya kijani, miti ya kitropiki, vivuli vizito, na chungu kimoja kimewekwa mahali hasa ambapo jicho linahitaji kutua. Bawa aliacha orodha akachukua njia ya kutazama.

Pingamizi lililobaki ni la heshima. Je, hatujamwiga Mwingereza vya kutosha? Nalielewa, maana viwanja vya klabu na nyumba za maofisa wa kikoloni vilipandwa ili kumsahaulisha mtu kwamba yuko Afrika. Lakini tukumbuke njia ya biashara hii ilipita pande zote mbili. Mwaka 1882 bustani ya Kew ilitangaza ua jipya lililopelekwa kutoka huku na John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, nalo likapewa jina la kumheshimu Sultani wa Zanzibar: Impatiens sultani. Leo linajulikana kwa jina jingine la kisayansi na hupandwa kila kiangazi kwenye masanduku ya madirisha ya Kiingereza. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1892, ua dogo la zambarau lilitolewa milima ya Usambara na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, likaenda Ulaya na kuishia kwenye vyungu vya sebuleni dunia nzima. Waliochukua maua hayo hawakuiga bustani zetu. Waliuliza mmea unataka kivuli gani na unyevu gani, wakautafutia. Nasi tukichukua namna hiyo ya kuuliza hatutakuwa watumwa wa mtu.

Anayeamua kwenda basi asiende Mei kwa ajili ya maonyesho ya Chelsea, ambako kila mmea umelazimishwa kuchanua wiki moja na hakuna kinachosumbuka. Aende Agosti, hasa mwaka wa ukame. Tarehe 19 Julai 2022 joto lilifika nyuzi 40.3 huko Coningsby, Lincolnshire, mara ya kwanza nchi hiyo kuvuka 40, na baadhi ya maeneo yakapigwa marufuku kumwagilia kwa mpira. Bustani nyingi ziliungua. Bustani kavu ya Hyde Hall, Essex, iliyotengenezwa mwaka 2001 ili isimwagiliwe, ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha Chatto, kisha Sissinghurst saa za jioni kama ratiba inaruhusu. Nyumba ya mitende ya Kew aipite haraka, kwani hakuna sababu ya kulipa kiingilio ili kutazama mimea ya kitropiki ikipashwa moto kwa mabomba. Picha za simu hazitoshi kuwa badala ya safari, kwa kuwa mpiga picha huacha nje kile kilichokufa, nacho ndicho kinachopaswa kuulizwa: kilikuwa nini, kilipandwa lini, nani aliamua kukiondoa na nini kimechukua nafasi yake. Wengi wa watunza bustani wale hufurahi kuulizwa maswali hayo kuliko kuulizwa jina la ua.

Sehemu ijayo itahusu udongo, na hasa kwa nini mboji na matandazo, ambavyo Kent hukaa ardhini misimu kadhaa, huku kwetu huliwa na joto na mchwa kabla ya masika yanayofuata.